Nusukipenyo

Mchoro wa kwanza nilitumia wino wa shisha,
mwaka wa themanini, karatasi ya mafuta, mkono bado mwepesi:
askari wa shaba, mita nne kwenda juu,
uso wake Kagera, mgongo kwa soko la Kirumba.
Shaba haikuja.
Mwaka ule hata sabuni ilikuwa haiji.
Mwenyekiti akasema, basi awe wa saruji,
saruji ikataka kibali,
kibali kikapanda treni ya kati, hakijarudi.

Mchoro wa pili nikamwondoa askari,
nikaweka ukuta, majina kwa safu.
Orodha ililetwa na koplo mwenye baiskeli:
namba, cheo, jina, tarehe.
Nikaandika kwa stensili siku tisa
huku wadudu wa ziwa wakijibandika kwenye wino mbichi,
kila mmoja nukta asiyoiweka mtu.

Hapo ndipo Holo Lushinge alipoingia ofisini
na stakabadhi iliyokunjwa hadi ikawa kama kitambaa.
Bedford moja, tela moja, marobota ya pamba sitini na mawili,
vimechukuliwa Igoma kwa matumizi ya vita.
Saini haisomeki.
"Sagenda alikuwa juu ya marobota," akasema.
"Utingo. Kazi yake kupiga bodi."
Nikatafuta kwenye orodha kwa adabu, nikijua simwoni.
Hana namba. Utingo hana cheo.
"Basi andika namba ya gari," akasema.
Kamati ikacheka kidogo, ikaomba chai.

Sitaieleza michoro yote.
Kuna uliotaka chemchemi
(chemchemi! na ziwa lote lile limelala hatua thelathini).
Kuna uliotaka jabali lipasuliwe kwa baruti,
jabali lile la katikati, lenye mavi ya korongo mabegani,
ambalo kila mara nililichora mwisho,
duara la kuchechemea, kama alama ya kikombe.
Fundi baruti alikuja, akalizunguka, akataja bei.
Jabali likabaki.
Kituo cha mafuta kikala kona ya mashariki.
Yadi ya boti ikasogeza uzio usiku.
Mchoro wa tano niliuchora kwa kufuta:
wembe, mate, kifutio,
mpaka karatasi ikaota nywele.

Kila mchoro Holo alikuja kuukagua.
Anaweka kidole, anauliza, "Lori liko wapi?"
Nami nasema, mama, hii ni bustani.

Sasa yuko Kokushubila, binti wa kompyuta.
Miti yake inaota kwa kubonyeza,
kivuli kinafuata saa unayoitaka.
Mimi ni mstaafu wa mkataba, naulizwa miteremko tu
na wapi maji ya masika hutuama.
Nikamwambia, njia hii usiinyooshe.
Iingie toka barabara ya Igoma,
izunguke jabali, irudi ilikotoka.
Nusukipenyo mita kumi na moja.
"Kwa nini kumi na moja?"
"Gari la zimamoto," nikasema,
na hilo ndilo pekee nililodanganya kwenye mradi huu
katika miaka thelathini na minane,
ukiacha posho.

Hakuna ufunguzi bado. Utepe haujanunuliwa.
Ukuta una majina hadi herufi M, kisha fedha ikakata.
Lakini kokoto zimemwagwa, njia inapitika,
nami nilimleta Holo Jumanne asubuhi, kwa bajaji.
Sikumweleza kitu.
Akatembea na fimbo yake, polepole,
akiangalia chini, jinsi ukingo unavyokata,
unavyoendelea kukata,
mapana kuliko mtu anavyohitaji.
Nusu ya mzunguko akasimama.
Akahamishia fimbo mkono wa kushoto.
Akalipiga jabali kwa kiganja, mara mbili,
kofi kavu,
kama bodi,
akaendelea.